Jumatano, Ibra

Nyuma ya mlango wa kabati la seva
kuna karatasi niliyoibandika mwenyewe,
wino wa buluu uliofifia:
kurasa za wagonjwa, gigabaiti arobaini;
kupanga na kujumlisha, nane;
miunganisho, nne;
zilizobaki uachiwe mfumo upumue.
Miaka sita nimegawa kumbukumbu hivyo,
kwa kalamu na kwa kukisia,
kama marehemu babu alivyogawiwa maji ya falaji:
nusu saa yake, asiguse dakika ya jirani,
mtende unywe usinywe.

Mundhir alikuja kutoka Maskati,
kijana nadhifu, dishdasha haina mkunjo.
Akaisoma karatasi yangu, akatabasamu
kama mtu aliyekuta redio ya mkulima.
"Bi Raya, siku hizi injini inajipima yenyewe.
Inaona nani ana kiu, inamnyang'anya aliyeshiba.
Wewe lala."

Nikalala.
Na kusema kweli, nililala vizuri.
Wiki ya kwanza grafu ilinyooka kama shuka iliyopigwa pasi.
Usiku, nje joto nyuzi thelathini na sita,
ripoti za mwezi zinaingia na njaa zao;
mashine inawapunguzia wagonjwa, inazijazia ripoti,
asubuhi inarudisha, punje kwa punje,
bila kuniuliza.

Lakini mashine haijui Jumatano.
Jumatano Ibra ni soko la wanawake.
Wanakuja kutoka Mudhairib, kutoka vijiji vya bondeni,
na ubani, na vitambaa, na wajukuu,
na kwa kuwa wameshafika mjini
wanapitia hospitali: sukari, presha, goti,
wote kabla ya saa mbili.
Mashine bado inaota ripoti za jana.
Kurasa za wagonjwa imeshazitupa nje,
kila jina sasa ni safari ya kwenda diskini na kurudi.
Shamsa wa mapokezi akanipigia:
"Kiduara kinazunguka tu. Kuna bibi hapa ananisomea dua,
sijui ananiombea au ananiapiza."

Nikazima ujanja wote.
Nikarudisha arobaini, nane, nne.
Mundhir hakusema kitu. Alikwenda kununua karaki mbili.

Ningependa shairi liishie hapa, mimi nimeshinda.
Lakini sharti niandike na mwaka uliopita,
mama alipolazwa Maskati,
nikakaa siku tisa kando ya kitanda chake,
na huku nyuma ikatangazwa chanjo ya shule zote.
Namba zangu zilikuwa palepale mlangoni,
hazikusogea hata unywele.
Gigabaiti nane zimejilalia upande mmoja;
upande wa pili wauguzi wanaandika kwa mkono,
watoto mia tatu ndani ya daftari la hesabu.
Karatasi haimwoni mtu.
Mama akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo:
"Na hiyo mashine yako, hukumwachia mtu ufunguo?"

Basi tukakaa, mimi na Mundhir, karaki imepoa,
tukaandika mstari mmoja:
kurasa za wagonjwa zisishuke chini ya thelathini.
Juu ya hapo ijipime itakavyo,
inyang'anye, igawe, ikosee kidogo.
Na kila usiku wa kuamkia Jumatano, alfajiri haijaingia,
kuna kijikazi kinaamka
kinazisoma kurasa za kina mama wa soko
moja moja, zipate joto.
Kukiandika, kaandika Mundhir.
Majina nilimpa mimi.

Leo nimesimama nyuma ya Shamsa.
Bibi ametua kikapu juu ya meza, anavuta pumzi
aanze nasaba yake:
Zayana binti Zahran bin—
Faili limeshafunguka.
Akakitazama kioo. Akatutazama sisi.
Hakupenda kukatizwa.
Akaendelea mpaka babu wa nne.