Safu ya Idadi

Alfajiri, Kanyaboli. Nimepewa fomu yenye safu nne:
mnyama, mahali, saa, idadi.
Kalamu nimeifunga shingoni kwa uzi, isije ikazama.
Ukungu umeyalalia mafunjo,
na mtumbwi wa Oduol unavuja
palepale alipopaziba jana kwa lami.

Yangeyange: sitini na wawili. Kisha mmoja akaruka,
sijui kama nilishamhesabu.
Viboko: masikio manane, basi wanne,
labda.
Nzohe: nyayo tu,
kwato ndefu zilizopanuka kama mkasi ulioachwa wazi
juu ya tope lisilomshika.

Nguzo ya mpaka wa hifadhi imezama hadi kifuani.
Mnandi anakausha mbawa juu yake,
mkia hifadhini, mdomo shambani kwa watu.

Hapo ndipo tunapomkuta Apondi, maji kiunoni,
mundu mkononi, na matita matatu ya mafunjo
yakielea nyuma yake kwa kamba, kama ng'ombe watiifu.
"Mnahesabu kwa macho?" anauliza.
"Basi mtapata waliokufa."

Mwezi wa tano, mto Yala ulipopasua tuta
ukaingia usiku bila hodi,
ukanywa jiko lake, ukachukua kuku na mlango,
alikaa juu ya paa la ghala siku mbili.
Chini yake, katikati ya mahindi yake mwenyewe,
alisimama nzohe jike:
pua, macho, basi. Mengine yote maji.
Wakatazamana.
Kijiji kizima kilikuwa na njaa,
na panga lilikuwa pajani.
"Nikamwambia, wewe nyamaza, nami nitanyamaza."
Siku ya tatu maji yakashuka,
kila mmoja akashika njia yake,
na ni wapi alikoelekea yule
Apondi hajamwambia hata mumewe.

Sasa ameinamia fomu yangu,
matone ya kiwiko chake yanadondoka kwenye tarehe.
Anapitisha kidole safu moja baada ya nyingine.
"Na mimi nimo ipi?"

Oduol anacheka, anakomba maji kwa kopo la rangi.
Mimi sicheki.
Kwenye mnyama naandika nzohe.
Kwenye saa, kumi na mbili na robo.
Mahali naacha patupu.
Kwenye idadi naandika wawili.

Ofisini wataniuliza
huyo wa pili nilimwonaje.