Kangomba

Jina lake halisi ni Ausi Namtumba, mtu wa Mahuta,
lakini ukimuulizia hivyo mnadani hawatamjua.
Sema Kangomba.
Utaona mama mmoja anatema mate pembeni.

Alikuwa akiingia ulingoni wa mwisho:
suti ya kijani, kiatu cha ncha, mwavuli bila mvua,
mizani ya kuning'iniza begani kama bunduki.
"Leteni!" ananguruma. "Kilo mbili naita moja!
Mtoto anaumwa? Leteni! Ada ya shule? Leteni!
Msimu bado? Mimi ndiye msimu!"
Na uwanja mzima wa Kitangari unamjibu kwa mabibo,
mekundu, mabivu, yakimpasukia kifuani,
hata suti ikanuka uraka siku tatu.

Mimi nilikuwa Stakabadhi. Nyeupe juu mpaka chini.
Nilimpiga Ausi mara mia mbili na kumi na moja,
Newala, Nanyamba, Masasi, Liwale kwenye tope,
na sikumshinda hata mara moja.
Nilipomnyanyua, yeye ndiye aliyeruka.
Nilipombwaga, yeye ndiye aliyejua pa kuangukia.
Uso kaukunja kwa chuki, meno nje,
na sikioni mwangu, polepole:
"Pumua. Sasa kushoto. Goti lako bovu usilitie uzito."

Alinifundisha kuanguka nyuma ya ghala la chama,
juu ya magunia matupu:
kidevu kifuani, viganja kabla ya mgongo, ulimi ndani.
Nikamuuliza alikoutoa ubaya ule.
Akasema mwaka wa njaa mama yake aliuza korosho
zikiwa bado maua,
na yeye, mtoto, alimtazama mnunuzi vizuri sana.
"Hakuwa mkali hata kidogo. Alitabasamu.
Hilo tabasamu ndilo ninalovaa."

Halafu Ruangwa.
Watu wameondoka, tunafungua kamba,
mwanamke akaja nyuma ya lori na gunia kichwani.
"Baba Kangomba, nichukulie. Bei yako yoyote."
Nilitaka kucheka, koo likakataa.
Hakuwa mjinga yule. Alikuwa ameishiwa milango.
Ausi akatundika gunia kwenye mizani ile ya mchezo,
ambayo springi yake tuliikata wenyewe;
mshale ukalala.
Akalipima kwa mikono, akafumba macho,
akampa malipo yake ya usiku ule
na ya kwangu,
bila kuniuliza.

Mgambo walimkuta amelikalia gunia, na suti yake.
"Mimi ni mwanamieleka," akasema.
"Na mimi ni mcheza sindimba," wakasema. "Twende."
Mausiku mawili mahabusu. Muuzaji nani? Kimya.
Alipotoka, habari ilishafika Mtwara mjini
kwamba Kangomba ni kangomba kweli.
Viingilio vikapanda maradufu.
Na Masasi, badala ya bibo, mtu akarusha tofali.

Alimaliza pambano. Hilo nataka liandikwe.
Jicho la kulia limejaa damu, akanisubiri nipande kamba,
akatandaza mikono nimrukie,
akahesabiwa tatu na uwanja ukipiga vigelegele,
na mimi juu yake, bingwa, nalia ndani ya kinyago.

Siku hizi anapima korosho kwenye chama cha msingi, Mahuta.
Mizani ya serikali, ina muhuri, haikosei hata punje.
Wakulima wanashusha, anasoma namba kwa sauti,
wanachukua gunia walelile, wanavuka barabara,
wanalipima tena dukani kwa Mzee Chitanda,
wanarudi. Ni sawasawa. Wananuna hata hivyo.

Nilimwambia wanakuvunjia heshima.
Akanigeuzia jicho lililobaki,
akatabasamu lile tabasamu la mnunuzi.
"Stakabadhi," akasema, "miaka kumi na miwili
tangu nishuke ulingoni.
Wewe nani anakuogopa?"