Stakabadhi za Hukumu

Kitabu cha nikaha cha msikiti wetu, Masindi,
kimefungwa kwa kamba ya kiatu.
Imamu alinipa dakika, hakunipa ruhusa:
"Usilambe kidole kufunua kurasa."
Mwaka wa thelathini na moja,
wino wa kahawia, mwandiko wa kulala:
Zaitun binti Fadlalla,
mahari mbuzi wanne na mkeka,
mume Ramadhan Surur, fundi viatu.
Huyo tunamjua. Huyo yupo ukutani
na tarbushi lake, anatukazia macho tukila.
Kisha pembeni, herufi ndogo za kuibia:
*mjane wa*

halafu tundu.

Mchwa amekula jina
akaacha "wa".

Nilimwuliza Shangazi Mastura, kitinda mimba wa Zaitun,
miaka themanini na minane, meno mawili, kumbukumbu zote.
Akasema, "Chungu hakiulizwi moto wa jana,"
akaendelea kuchambua maharage.
Maharage yalipokwisha
akaingia ndani, akatoka na kopo la chai.
"Mama aliniambia nisilitupe.
Hakuniambia nilifungue."

Sindano ya kusukia tabaga.
Ushanga mmoja, wa bluu.
Karatasi nne zilizokunjwa zikawa kama hirizi.

Kodi ya kichwa. Butiaba, bandarini.
Ya kwanza: Ukumu, Mualuri, mtia kuni melini.
Ya pili: Okumo.
Ya tatu karani, huenda Mswahili, huenda njaa ilimshika,
akaandika Hukumu.
Na ya nne Hukumu vilevile,
maana karani hunakili karani.

Nilicheka peke yangu. Mimi nakata ushuru sokoni,
naijua kazi hiyo: Nyakato ananiambia jina lake,
nami naandika ninavyosikia, foleni inasukuma,
na kuanzia saa hiyo yeye ni huyo niliyemwandika.

Kwa hiyo alikuwepo.
Mtu wa mtoni, si wa dini yetu,
mikono yenye masizi, na bibi yetu alimpenda
au alipewa, kopo halisemi.

Nilikwisha kuzikunja nilipoona magumba.
Ya mwaka wa ishirini na saba ina dole pana,
limejaa kisanduku, limemwagikia nje.
Ya ishirini na nane, ya tisa, ya thelathini,
dole jembamba,
na mstari mweupe umelikata mshazari.

"Shangazi, mama yako alikuwa na kovu?"
"La kisu. Alikuwa anachana ukindu."
Akanionyesha kwenye gumba lake mwenyewe,
kutoka huku hadi huku.

Mwanamke hakudaiwa kodi ya kichwa.
Hakuna askari aliyemgongea mlango.
Meli ilirudi bila mtu wake, au mtu alishuka Pakwach
akaenda zake, sijui,
lakini yeye alisuka tabaga, akaziuza, akahesabu senti,
akateremka ule mteremko wa ziwani kwa miguu
akasimama kwenye foleni ya wanaume
kumlipia asiyekuwepo.
Kwa serikali, aliyelipa yu hai.
Miaka mitatu alimnunua hivyo,
mwaka mmoja kwa mwaka mmoja.

Ya thelathini na moja haimo.
Nilikung'uta kopo, nikapitisha kidole chini.
Mwaka huo yupo msikitini, kwa fundi viatu,
na mtu anaandika *mjane*,
naye, nadhani, ameitika.

Nilirudi kwa Imamu na kalamu.
Nilitaka kuandika karibu na tundu, kwa penseli tu.
Akakifunga kitabu kwa kamba yake, fundo mbili.
"Andika kwenu," alisema, wala si kwa ubaya.

Jioni Shangazi alizishika zote nne, kichwa chini miguu juu,
maana kusoma hakujui.
Aliyatazama madole tu. Akanyamaza sana.
Kisha, kama anayeuliza habari ya mgeni aliyepita
yeye akiwa shambani:
"Alikuwa mrefu?"

Sijui, Shangazi.
Alikuwa na gumba pana.