Historia ya Mashindano

Fomu yangu ina visanduku thelathini na viwili.
Nilipanda nayo kutoka Torino, na tochi, na sumaku
ya kupima kama bati ni bati au ni lipu iliyopakwa rangi,
nikalikuta limelala bandani kwa Norina Gallesio,
kati ya mapipa ya divai na baiskeli isiyo na mnyororo:
jeupe, milango minne, pembe butu kama sabuni mpya,
na ubavuni lile jani la kijani la ncha nne
ambalo wanaume wazima hulivulia kofia.

Mnajua mambo ya magari haya.
Kiwanda kilitaka kushindana, kanuni ikasema
gari la mbio sharti liwe na ndugu wanaouzwa dukani.
Basi wakazaliwa ndugu, mia kadhaa,
wenye vioo vya plastiki na viti vya kubana kiuno,
wasio na redio, wasio na zulia,
wakakabidhiwa watu wa kawaida waendee sokoni.
Hili halikupata mtu. Lilipiga kelele mno.
Muuzaji wa Alba alilipunguza bei mara tatu
mpaka likamfikia mkunga wa miaka ishirini na tisa
aliyechoka kukanyaga pedali vilimani.

Nikaandika. Kutu: kidogo, chini ya mlango wa nyuma.
Matundu mawili kwenye dashibodi, hayakutoka kiwandani.
(“Nilitundika taa,” akasema. “Usiku nilihitaji kusoma.”)
Kiti cha nyuma: kimeshonwa upya, kitambaa si chenyewe.
(“Mama Oddero hakusubiri. Mapacha.”)
Hapo kalamu ilisita. Katika lugha yetu ya mnada
hiyo huitwa dosari, na hukata asilimia nane.

Kisanduku cha ishirini na saba: Historia ya mashindano.
“Limewahi kushindana?” nikauliza kwa mazoea,
nimeshaanza kuchora mstari wa hapana.
Akaingia ndani, akakawia, akarudi na daftari
la shule, jalada limelainika kama sikio.

Februari 9. Theluji. Toka kanisani hadi kwa Marenda:
dakika 14. Msichana.
Februari 22. Barafu. Hadi kinu cha Berutti:
dakika 11. Mvulana, miguu kwanza.
Agosti, mwaka uliofuata. Pakavu. Kinu cha Berutti tena:
dakika 8 na nusu. Msichana. Nimefika kahawa haijachemka.

Kurasa na kurasa. Saa ya mkono, wino wa bluu.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ni kweli,
lakini huyu aliujua kwa gia:
kona ipi huchukuliwa kwa ya tatu
wakati chumba cha juu, ng’ambo ya bonde,
mtu ameuma shuka.

“Nilishinda mara mia nne na kumi na mbili,” akasema.
“Mara tisa nilishindwa.”
Hakufungua ukurasa. Aliwataja kwa kichwa, wote tisa,
na wawili ambao hawakuwahi kupewa jina
aliwataja kwa rangi ya blanketi.

Tajiri wangu wa Zurich akapiga simu hapo hapo bandani.
Daftari likija na gari, alisema, anaongeza theluthi.
Nikamweleza bibi. Akalitia ndani ya sweta,
akafunga kifungo.
“Gari chukueni. Lilitengenezwa liuzwe.
Humu mna watu.”

Betri mpya, petroli mpya. Likakohoa mara mbili,
kisha likajifungua sauti ile
na kuku wa jirani wakapanda ukuta.
Aliinama dirishani, akagonga plastiki kwa pete.
“Ukishapita kinu, kona ya tatu,
usiguse breki. Liachie. Linajua.”

Nikashuka, fomu kando yangu kitini,
kisanduku cha ishirini na saba kitupu.
Kinu, paa lake limebonyea. Kona ya kwanza.
Ya pili.

Niliigusa.