Kamua

Haima, saa nane za usiku.
Barabara ya Salala imenyooka kama uzi wa fundi,
na ngamia hana taa.

Wamemleta Thuwaini nyuma ya pikapu,
manyoya yamemgandia usoni,
kifua upande mmoja hakiinuki.
Eksirei ipo; fundi wake yuko likizo, Nizwa.
Nina masikio na sindano nene.
Nikachoma. Hewa ikatoka ikifoka
kama birika lililosahaulika jikoni.

Damu: chupa mbili.
Ya tatu iko kilomita mia tatu,
na helikopta inangoja vumbi litue.

Mashine ya kupumulia ilizima tangu Shaabani.
Basi Mofizul, mfagizi, akalaza ufagio,
akashika mfuko wa mpira.
"Moja, mbili, tatu: kamua," nikamwambia
kwa Kiswahili cha bibi yangu wa Wete,
maana usiku wa manane Kiarabu changu huchoka.
Yeye akahesabu Kibangla.
Mapafu hayakuuliza.

Kisha akaingia mwenye ngamia, Bakhit.
Nikadhani amefuata fidia.
"Kijana yu hai?"
Akakunja mkono wa kanzu.
Tukapima. Damu yake haikulingana.

Hakuondoka.
Akanawa hadi viwikoni, akampokea Mofizul mfuko,
vidole vyake vimezoea kukama.
"Taratibu, baba. Hiki si kiwele."
Akacheka kidogo, machozi yakimtoka,
akakamua.

Helikopta ilipotua kumekucha,
tulitoka naye hivyo hivyo,
mzee akikimbia ubavuni mwa machela, miguu mitupu,
midomo ikihesabu
lugha ambayo hakuijua jana:
moja, mbili, tatu.