Waya Usiopitisha Neno

Mara tatu nimejaribu, mara tatu kompyuta imekana:
hakuna kifaa kilichounganishwa.
Lakini kataa kake kanawaka, kekundu,
kadogo kama punje ya mtama,
nami nikaamini kinachowaka kinasikia.

Kumbe waya.
Huu wa kuchajia simu una nyuzi mbili tu tumboni:
unalisha, hausemi.
Nimewajua watu wa hivyo.

Januari. Mji wa Cēsis umezikwa na theluji hadi madirishani,
na mama yangu Skaidrīte, goti la kushoto la chuma,
kila usiku hushuka ngazi kumi na nne
kwenda stoo ya chini kugusa viazi,
kuvipima kwa kiganja kama mtoto mwenye homa,
ila homa anayoiogopa ni baridi.
Kiazi kikianza kuganda huwa kitamu kwanza.
Ndivyo kinavyoaga.

Nimeazima waya wa jirani Uldis. Nyuzi nne.
Nabana kitufe kwa kucha, nagusa cha pili, naachia,
na programu inaanza kuingia:
asilimia nne, kumi na moja, thelathini...
Usiguse meza, namwambia paka.
Tisini na nane. Anaruka.
Mia.

Salamu ya kwanza ya kihisi:
hasi mia moja ishirini na saba.
Hata Siberia, alikopelekwa bibi,
haikuthubutu kufika huko.
Naangalia. Mguu mmoja haukushika risasi;
nilichomelea mkono ukitetemeka, kahawa ya tatu.
Narudia, moshi machoni.
Nne nukta mbili.

"Mama, ona. Viazi vyako vinaongea."
Anavaa miwani, anasoma simu mara mbili,
anaitikia kwa kichwa kama aliyesomewa barua ya serikali.
Naenda kulala nimeshinda.

Saa tano usiku, ngazi:
moja, mbili, goti, tatu.
"Mama! Si umeiona namba?"
Sauti inapanda kutoka chini, haina haraka:
"Nimeiona. Viazi sijavigusa.
Nimekuja kukiangalia kidude chako.
Kiko peke yake huku, gizani."

Gizani kwangu nafungua simu.
Nne nukta tano.
Tisa.
Kumi na sita.
Ishirini na mbili.
Bado amekishika.