Ushuru wa Njia

Barua yako, Loredana, imefika Mpunguzi
ikiwa na mihuri mitatu na alama ya kidole cha tarishi.
Unauliza mjomba wako alikaa wapi miaka thelathini na moja,
na kama huku kuna cha kutazama.

Nianze na kwenu, maana kwenu nakujua.
Sijafika. Nakujua kwa mkasi wa kupogolea:
baba yangu Chilongani akikata upande huu wa mstari,
Bruda Anselmo upande ule,
na mji wa Aosta ukivuka waya katikati yao,
kipande kwa kipande, hadi jua kali.

Najua lango lenu lina kuta mbili,
na kati yake uwanja, ili mgeni atazamwe mara ya pili.
Najua ukuta wa ukumbi wa michezo uliobaki peke yake,
madirisha matupu, kila moja limeshika kipande cha mlima.
Najua tao la Kaisari, ambalo watu wa baadaye
waliliezeka paa, likawa kama babu aliyevishwa kofia ya mjukuu.
Najua mwisho wa Januari, katika baridi ya kukata masikio,
mafundi hutandaza barabarani vikombe vya mti,
viatu vya mti, jogoo wa mti,
na usiku halali mtu.

Baba aliuliza: "Theluji ina sauti gani?"
Bruda akafikiri mistari miwili mizima.
"Haina. Inauziba mji mdomo."

Siku nyingine akatupa ya zamani zaidi.
Kabla ya lango, kabla ya tao, bonde lilikuwa la Wasalasi.
Hao waliishika njia ya mlimani.
Apitaye alipe: askari alipe, jemadari alipe.
Baba akaangusha mkasi.
"Hongo! Hao ni Wagogo!"
Akacheka hadi kofia ikamvuka,
maana huku nako misafara ya pwani ilisimama,
ikampimia mtemi kaniki na shanga
kwa maji ya kisima, kwa ruhusa ya kukanyaga.

"Ikawaje?"
Warumi wakaja wengi.
Wasalasi elfu thelathini na sita wakapigwa mnada,
na mji ukajengwa palipokuwa na kambi,
ukaitwa kwa jina la mshindi.

Mstari ule tuliumaliza kimya.
Baba alipangusa mkasi kwenye suruali, akasema tu,
"Minyororo nayo ilipita hapa."
Picha ya tao ilitundikwa chumba cha kukamulia.
Tangu siku ile, akipita, aliitazama
kama unavyomtazama jirani tajiri
ukishajua ng'ombe wake wa kwanza walitoka wapi.

Sasa kwetu.
Tao hatuna. Tuna majabali yaliyopandana bila fundi,
pimbi juu yake wakiota jua.
Tuna jiji, siku hizi lina wizara na taa za rangi tatu,
na jina lake, wasemavyo, ni la tembo aliyedidimia matopeni:
ninyi mmeitwa kwa aliyeshinda,
sisi kwa aliyeshindwa kutoka.
Hilo peke yake, nadhani, linastahili nauli.

Na kuna kaburi. Liko mwisho wa shamba,
mizabibu aliyoipanda imeota vifundo kama magoti.
Hatukuliezeka. Alikataa paa;
alisema amepata baridi ya kumtosha.

Njoo Agosti, zabibu zikishaiva hadi weusi.
Utalala kwa dada yangu Mbeleje, anayekoroma.
Lakini njia hii haipitwi bure, na shanga usilete.
Lete mkasi wa huko kwenu:
huu wa Anselmo umelegea msumari,
na baba, macho yenyewe hayaoni tena,
bado anaugusa asubuhi, anaufungua, anaufunga,
wa dukani hautaki.